Kabla hujajenga ghala mbugani

Naulizwa sana: "Afisa, ghala limepasuka ukuta, fundi kaniibia saruji?" Mara nyingi fundi wa watu hana kosa. Ni udongo.

Hii mbuga nyeusi ya Dutwa inayotupa pamba na dengu ina mfinyanzi unaokunywa maji ukavimba, kiangazi unasinyaa na kupasuka. Nchi za baridi barafu ndiyo inanyanyua msingi. Kwetu ni mfinyanzi, hasara ileile. Na haivimbi sawasawa: kando ya ukuta mvua inafika, katikati chini ya sakafu haifiki.

Ukiweza, jenga kule juu kwenye luseni. Kama shamba lote ni mbuga, subiri Septemba, chomeka waya kwenye nyufa upate kina. Msingi upite hapo, usiishie humo ndani. Maji ya bati yapelekwe mbali kwa mfereji. Mti usikae karibu, mizizi inakausha upande mmoja. Na usijaze mchanga pembeni ya msingi, unakuwa bakuli la maji!

Mwenye ufa tayari asikimbilie kuziba. Weka alama ya penseli mwisho wa ufa, andika tarehe, tuone unatembea mwezi gani.