Somo la Wiki: Ametoka Kituoni, Tusimwache Peke Yake

Andiko la msingi: 1 Wafalme 19:1–8



Ndugu yetu akimaliza matibabu ya pombe au dawa za kulevya, tunafurahi. Anatoa ushuhuda, tunapiga makofi, tunakula pamoja. Jumatatu kila mtu anarudi kazini, naye anabaki nyumbani peke yake. Somo la leo linahusu hiyo Jumatatu.

Eliya alikuwa ametoka kushinda katika mlima Karmeli. Muda mfupi baadaye, akimkimbia Yezebeli, alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti akamwomba Mungu afe. Nabii, baada ya ushindi mkubwa, alichoka kuishi. Basi tusiseme kwamba mwenye mawazo ya kufa hana imani.

Kwa nini wiki za kwanza ni za hatari

Watu wenye uraibu wako katika hatari ya kujiua kuliko watu wengine, na matibabu hayaiondoi hatari hiyo kwa siku moja. Pombe ilikuwa inafunika huzuni. Sasa kifuniko kimeondoka. Anaona madeni, kazi iliyopotea, watoto wasiomwamini, na habari zake zimeshafika Goma au Mwanza kwa WhatsApp. Akiteleza tena, anajiona hafai kabisa. Tena, mwili uliopumzika hauwezi kiasi cha zamani: kurudia heroini au fentanili mara moja tu kunaweza kumuua hata kama hakukusudia.

Tuangalie dalili: kusema yeye ni mzigo, kuaga watu, kugawa vitu vyake, kukosa usingizi, kujitenga, kuanza kunywa tena.

Malaika alifanya nini?

Hakumkemea Eliya. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akarudi mara ya pili. Nasi tufanye hivyo:

1. Tupange zamu za kumtembelea, si siku moja bali wiki nyingi. Tumpelekee chakula, tumpe lifti ya kwenda kliniki.

2. Tumuulize waziwazi: "Ndugu yangu, unafikiria kujiua?" Swali hili halimtii mtu wazo hilo, linampa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, tumsikilize, tusimhubirie, tusimwache peke yake.

3. Dawa, pombe na silaha zisiwe karibu naye.

4. Tusimwambie aache dawa za daktari. Methadoni na buprenofini hupunguza vifo vya waraibu wa heroini na fentanili. Kumeza dawa si kukosa imani.

5. Tuweke nyumbani Narcan, dawa ya kupuliza puani kwa aliyezidiwa na heroini au fentanili. Tangu 2023 inauzwa hapa Marekani bila cheti cha daktari.

6. Tupige 988, usiku au mchana, tukaombe mkalimani. Hata sisi wanafamilia tunaruhusiwa kupiga. Maisha yakiwa hatarini sasa hivi, tupige 911. Tusimfanye mtoto kuwa mkalimani wa mambo mazito ya baba yake.

Na siri tuzitunze. Alichotuambia ndugu kisigeuke mazungumzo ya jikoni. Lakini hatuwezi kuahidi kunyamaza pale uhai wake uko hatarini. Hapo tunamwambia anayeweza kusaidia.

Kwa nguvu za chakula kile Eliya alitembea siku arobaini. Safari ilikuwa ndefu kwake, na Mungu alijua hivyo kabla hajamwambia aendelee.

Maswali ya kujadili nyumbani

- Nani katika jumuiya yetu ametoka matibabuni, na nani alimtembelea wiki hii?
- Kama ni mmoja wetu hapa nyumbani, angeweza kutuambia? Nini kingemzuia?

Tuombe: Bwana, wewe uliyemlisha Eliya jangwani, tufanye kuwa mikono yako kwa ndugu aliyechoka. Na wewe unayesoma haya huku umechoka kuishi, tuambie leo. Tutakuja. Amina.