Somo: Mapambo ya Karatasi kwa Siku ya Wapendanao

Tarehe 14 Februari si lazima ufunge safari kwenda Ngara au Biharamulo mjini kununua maua ya plastiki. Karatasi moja ya A4, mkasi, rula na penseli vinatosha.

Hatua za kufuata:
1. Kata karatasi kwa urefu upate vipande 3, kila kimoja upana wa sentimita 7.
2. Kunja kipande katikati, kisha katikati tena.
3. Chora moyo unaogusa kingo zote mbili za mikunjo.
4. Kata kufuata mchoro, ila pale unapogusa kingo acha sentimita 1 bila kukata.
5. Kunjua. Utapata mioyo 4 iliyoshikana. Karatasi nzima, 12. Unganisha kwa uji mzito wa muhogo.

Mara ya kwanza nilikata hadi kwenye mikunjo, mioyo ikatawanyika mezani. Mwenzangu akacheka: "Umeitenganisha mwenyewe."

Wageni tunawashukuru, nyumbani tunanyamaza. Kabla ya kutundika, andika kwenye kila moyo jambo moja ambalo mwenzi wako amekutendea.

Swali la kujadili: Ni lini mara ya mwisho ulimshukuru mwenzi wako mbele ya watoto?