Abu Dharr na Ujira wa Mtumishi



Ndugu zangu, katika Sahihi ya Bukhari, Kitabu cha Imani, mna kisa cha Abu Dharr (r.a.). Al-Ma'rur alimkuta Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za namna moja. Alipomwuliza, Abu Dharr alieleza kuwa aliwahi kumtukana mtu kwa kumwaibisha kwa mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamkemea kwamba ndani yake bado mna ujahiliya. Kisha akamfundisha: watumishi ni ndugu, walishwe anachokula bwana, wavikwe anachovaa, wala wasitwishwe kazi inayowazidi bila kusaidiwa.

Tusi la nasaba na haki ya mfanyakazi vimo katika hadithi moja. Sisi huvisoma mbalimbali.

Twendeni Ghuba, wanakokwenda dada zetu wengi, hata kutoka Buyenzi kwetu. Chini ya kafala, kibali cha mgeni kimefungwa kwa mwajiri. Akimkimbia huhesabiwa mtoro. Mshahara wa mtumishi wa nyumbani nao mara nyingi hufuata pasipoti: Mfilipino juu, Mwafrika chini, na sufuria wanazosugua ni zile zile. Tendayi Achiume, aliyekuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ubaguzi wa rangi, alizuru Qatar mwaka 2019 akaeleza matabaka yanayojengwa juu ya uraia. Mwaka 2021 Qatar iliweka kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, wa nyumbani wakiwemo. Mageuzi ya Saudia ya mwaka huo huo yaliwaacha nje wa nyumbani.

Wapo wenzetu husema, "Si alikubali mwenyewe?" Hoja hii ina uzito, tusiipuuze. Ijara husimama juu ya ridhaa na ujira unaojulikana. Lakini wakala akitaja kiasi kimoja hapa, na kule dada akapewa karatasi nyingine ya Kiarabu atie saini, ridhaa iko wapi?

Tuseme basi alijua, akaridhia kidogo. Ujira ni huo, na ni wajibu ulipwe. Katika hadithi qudsi, anayemtumia mtu kazi kisha akamnyima ujira, Allah Mwenyewe ndiye mshitaki wake Siku ya Kiyama. Ila chakula, mavazi na mzigo usiozidi nguvu Mtume hakuviacha kwenye mapatano. Kwa hiyo dada akikuletea mkataba umsomee, usiishie kwenye mshahara. Tafuta atalala wapi, atapumzika lini, na pasipoti itakaa kwa nani.