Kuandaa kompyuta kabla ya somo la kwanza la programu

Somo la utangulizi wa kuandika programu za kisayansi linapofika katika kitivo cha lugha, wengi huuliza: mwanafunzi wa isimu atahesabu nini? Jibu langu: maneno, viambishi, herufi. Lakini kompyuta isiyoandaliwa vizuri huhesabu vibaya bila kutuonya, na kosa hilo huingia kimya kimya katika kazi ya mwisho wa masomo. Ndiyo maana nayahesabu maandalizi kuwa sehemu ya somo lenyewe. Nayagawa katika hatua nne.

1. Programu. Tutatumia lugha ya Python, iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1991. Ni ya bure. Kwa anayeanza napendekeza Thonny, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia: ukiisakinisha, Python imo ndani yake. Anaconda hula nafasi kubwa zaidi, na mwanzoni si ya lazima.

2. Intaneti. Mwenzetu mmoja mwenye intaneti anaweza kupakua vifurushi vya ziada kwa niaba ya wote. Katika dirisha la amri aandike:

pip download numpy

Kisha anakili faili hizo kwenye flashi. Wengine, wakiwa ndani ya folda yenye faili hizo, waandike:

pip install --no-index --find-links=. numpy

Sharti ni kwamba toleo la Python na mfumo wa kompyuta vilingane.

3. Namba na kibodi. Shuleni tumefundishwa kwa Kifaransa kuandika 3,5. Python hutaka 3.5. Ukiiandikia 3,5 haitakataa. Itaelewa namba mbili, 3 na 5. Kwenye kibodi ya AZERTY, mabano ya mraba hupatikana kwa kubonyeza AltGr pamoja na kitufe cha bano la kawaida.

4. Herufi. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kuwa makini zaidi. Chukua neno la Kilingala mbɔtɛ. Lina herufi tano. Likihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, ɔ na ɛ huchukua baiti mbili kila moja. Windows ikilisoma kwa usimbaji wake wa zamani wa Ulaya Magharibi, utaona mbÉ”tÉ›, yaani alama saba. Basi taja usimbaji kila unapofungua faili:

matini = open("jaribio.txt", encoding="utf-8").read()
print(len(matini.strip()))

Andika mbɔtɛ katika faili jaribio.txt, ulihifadhi kwa UTF-8 katika folda ileile ya programu yako, kisha uendeshe mistari hiyo miwili. Jibu likiwa 5, uko tayari.

Kiswahili nacho kina mtego wake, ingawa herufi zake ni za kawaida. Programu za kuandikia hupenda kugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho letu ng'ombe na ng’ombe ni neno moja. Kwa kompyuta ni mawili, na hesabu yako itawagawa ng'ombe hao katika mazizi mawili. Kabla ya kuhesabu, zilinganishe:

matini = matini.replace("’", "'")

Mhadhiri atatufundisha kuhesabu. Kuhakikisha kwamba kinachohesabiwa ni lugha yetu kama ilivyoandikwa ni kazi yetu, nayo huanza kabla ya somo la kwanza.