Maua ya Ndani, Mbwa na Paka
Elimu ya afya kwa kaya za Nyarubungo, Ngara na Biharamulo

Je, ua la kwenye chungu lina sumu?

Baadhi yana. Difenbakia, lile lenye majani mapana yenye mabaka meupe, na mani planti inayotambaa dirishani ni za jamii moja na magimbi. Sumu yao mnaijua: ndiyo inayowasha mikono ukimenya magimbi mabichi na kukereketa koo yasipoiva vizuri. Ndani ya jani mna chembe za kalsiamu oksaleti, ndogo mno na zenye ncha kama sindano. Magimbi tunayapika kwanza. Mbwa na paka hutafuna jani bichi, nazo chembe zikawachoma ulimi, ufizi na koo.

Dalili

- Udenda kumtoka kwa wingi
- Kujipangusa mdomo kwa miguu ya mbele
- Kukataa chakula au kutapika
- Ulimi na midomo kuvimba

Wengi hupona. Hatari kubwa ni koo kuvimba hadi mnyama ashindwe kupumua.

La kufanya

1. Toa mabaki ya jani mdomoni, ukijihadhari asikung'ate.
2. Msuuze mdomo kwa maji safi, kisha mwachie maji ya kunywa.
3. Usimtapishe, kinachorudi juu kitamchoma koo tena.
4. Akipumua kwa shida, mwahishe kwa daktari au afisa mifugo. Chukua na kipande cha mmea.

Uani kuna sumu kali zaidi

Mbegu za mbarika zina risini, sumu inayoua. Mbegu iliyotafunwa ni hatari kuliko iliyomezwa nzima, kwa sababu ganda gumu huzuia sumu isitoke. Dalili huweza kuchelewa, hivyo usizisubiri. Tafuta msaada mara moja. Mnyaa wa uzio una utomvu mweupe unaounguza macho. Ukimwingia mnyama au mtu, osha kwa maji mengi yanayotiririka.

Kinga

Kuweka chungu juu ya kabati humzuia mbwa, si paka. Mwenye paka aning'inize ua mbali na pa kurukia, au asiliweke ndani kabisa. Majani unayopogoa yafukie, usiyatupe uani. Chuma mbegu za mbarika kabla hazijapukutika.

Mtoto anayetambaa hufikia yote anayofikia mbwa. Akitafuna jani au mbegu hizi, mpeleke zahanati bila kuchelewa.