Kumbukumbu ya Mzee Baada ya Upasuaji wa Moyo

Mzee wa Karagwe au Kyerwa anayehitaji upasuaji wa moyo hupewa rufaa kwenda mbali: Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Moyo hutengenezwa, lakini baadhi ya wazee hurejea na akili isiyotulia. Familia isiyoelewa hudhani mzee amerogwa. Sivyo.

Mabadiliko haya ni ya aina mbili. Aina ya kwanza ni mkanganyiko wa ghafla, unaoanza siku chache baada ya upasuaji. Mzee hajui alipo, huona visivyokuwapo, hukesha usiku na kusinzia mchana. Mara nyingi hali hii hupita. Aina ya pili ni kupungua kwa kumbukumbu na umakini. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, uliochapishwa mwaka 2001, uliwafuatilia wagonjwa 261. Walipotoka hospitalini, asilimia 53 walikuwa na upungufu huo. Baada ya miezi 6 walibaki asilimia 24, na baada ya miaka 5 idadi ikapanda hadi asilimia 42. Tafiti za baadaye zilionyesha kuwa wagonjwa wa moyo wasiopasuliwa nao hupungukiwa kadiri miaka inavyosonga. Kwa hiyo upasuaji pekee haupaswi kulaumiwa. Shinikizo la damu, kisukari na mishipa iliyoharibika navyo huchangia.

Familia ifanye nini?

Kwanza, mzee apewe miwani yake, mwanga wa mchana, usingizi wa usiku, na mazungumzo ya Kinyambo juu ya watu na mambo anayoyafahamu.

Pili, mtu mmoja nyumbani asimamie dawa, hasa ya kuzuia damu kuganda. Dozi iliyosahauliwa au kurudiwa yaweza kuhatarisha maisha. Isichanganywe na mitishamba bila ushauri wa daktari.

Tatu, mzee aliyekanganyikiwa asitiishwe sahihi wala dole gumba kwenye hati ya shamba au mgawo wa mali. Jambo hilo lisubiri akili itulie.

Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au kauli ikikwama ghafla, hizo ni dalili za kiharusi. Homa au mkanganyiko mpya baada ya kurejea nyumbani navyo ni hatari. Mzee apelekwe hospitali saa ileile, pamoja na cheti chake na dawa zote anazotumia.