Siri ya Kitunguu Saumu

Wanachama wenzangu, hebu nuseni punje nzima ya kitunguu saumu. Hainuki sana, sivyo? Nawaambia sababu. Ndani mna alini, kemikali yenye salfa, na kimeng'enya kiitwacho alinesi, kila kimoja chumbani mwake. Ukiiponda, kuta zavunjika, vyakutana! Kimeng'enya ni kichocheo: chaigeuza alini bila chenyewe kwisha. Hapo hutokea alisini, yenye harufu kali, iliyotengwa na Cavallito na Bailey huko Marekani mwaka wa 1944. Mwaka wa 2009, watafiti wa Kanada walionyesha kwamba alisini ikivunjika hutoa asidi inayonasa upesi radikali huria, chembe ziharibuzo seli. Lakini moto hukiharibu kimeng'enya. Basi jikoni ponda, ngoja dakika 10, ndipo ukaange. Haraka haraka haina baraka!